Jinsi ya kufuatilia uchaguzi wa Papa na kuutangaza bila makosa: mwongozo kwa redio, ofisi za parokia na jumuiya

Kila mara Kiti cha Mtume Petro kinapokuwa wazi, makosa ni yale yale. Mtangazaji anaona moshi wa kijivu na kusema Papa amepatikana. Tangazo la parokia linataja saa ya Roma kana kwamba ni ya Dodoma. Padri, kwa mazoea, anamtaja katika Sala ya Ekaristi Papa ambaye amekwishazikwa. Na kwenye kundi la jumuiya hakosekani mtu anayesisitiza kwamba kura nusu na moja zinatosha.

Mwongozo huu ni wa yule aliyepewa kazi ya kuwaeleza wenzake: mtangazaji wa redio ya jimbo, katibu wa parokia, katekista, kiongozi wa jumuiya ndogondogo. Mifano imetoka kwenye matukio mawili ya karibuni: mwaka 2013, Benedikto XVI alipong'atuka, na mwaka 2025, Fransisko alipofariki.

## Vitu vya kuwa navyo mezani

Viandae wakati Papa yupo na ana afya. Siku ya tukio hutapata nafasi.

- Katiba ya Kitume Universi Dominici Gregis, yaani sheria ya uchaguzi wa Papa, ya tarehe 22 Februari 1996, pamoja na marekebisho yake mawili: la tarehe 11 Juni 2007 na la tarehe 22 Februari 2013. Nakala ya 1996 peke yake ni hatari, na sababu utaiona katika hatua ya 5.
- Kanuni za 332 na 335 za Sheria za Kanisa. Ni fupi. Zichape kwenye karatasi moja.
- Orodha ya makardinali yenye majina yao ya ubatizo, ya ukoo na tarehe za kuzaliwa. Jina la ubatizo ndilo litakalokusaidia siku ya tangazo.
- Jedwali la saa la Roma na la kwenu.
- Vyanzo viwili rasmi: taarifa za Ofisi ya Habari ya Vatikani na ukurasa wa Kiswahili wa Vatican News. Weka pia kiungo cha kamera ya moja kwa moja inayoelekea bomba la moshi.
- Daftari. Kila taarifa iandikwe na saa yake na mahali ilikotoka.

## Hatua ya 1: Hakikisha Kiti kiko wazi kweli

Kiti huwa wazi kwa njia mbili tu zinazohitaji tangazo lako: Papa amefariki, au amejiuzulu kihalali. Ugonjwa haumo. Fransisko alilazwa hospitali ya Gemelli tangu tarehe 14 Februari hadi 23 Machi 2025, na muda wote huo alikuwa Papa. Hakukuwa na kaimu wake, na hakuna kardinali aliyeshika madaraka yake.

Kifo hutangazwa na Kamerlengo, kardinali anayesimamia mali na mambo ya kawaida ya Vatikani wakati Kiti kikiwa wazi. Tarehe 21 Aprili 2025 Kardinali Kevin Farrell alitangaza asubuhi ile ile kwamba Fransisko alifariki saa 7:35 ya Roma, yaani saa 2:35 asubuhi ya Afrika Mashariki.

Onyo: picha ya bendera nusu mlingoti, ujumbe wa sauti wa "padri aliye Roma", au gazeti linalonukuu gazeti jingine havitoshi. Kama Ofisi ya Habari haijatoa neno, nawe usitoe.

Umefanikiwa ukiwa na tarehe, saa na jina la aliyetangaza, vyote vitatu daftarini.

## Hatua ya 2: Kama ni kung'atuka, pima kwa kanuni ya 332

Hapa ndipo uvumi unapozaa sana, kwa hiyo nenda polepole. Kanuni inataka mambo mawili: Papa ajiuzulu kwa hiari yake, na tamko lake litolewe ipasavyo. Halafu inaongeza kwamba hakuna anayehitajika kulikubali. Askofu anapofikisha miaka 75 huandika barua ya kuomba kustaafu na kusubiri Papa aikubali. Papa hana wa kumwandikia. Ukisikia kwamba "makardinali wamekataa kujiuzulu kwake", jua aliyesema hajui sheria.

Angalia pia saa ambayo tamko linaanza kufanya kazi. Benedikto XVI alisoma tamko lake kwa Kilatini tarehe 11 Februari 2013 mbele ya makardinali, lakini alitaja kwamba Kiti kitakuwa wazi tarehe 28 Februari saa 20:00 ya Roma. Kwa siku 17 za katikati aliendelea kuwa Papa kamili, akiteua na kuamua. Waliomwita "Papa mstaafu" wiki ile ya kwanza walikosea. Saa ilipotimia alikuwa Castel Gandolfo, na walinzi wa Uswisi waliokuwa mlangoni wakafunga mlango na kuondoka, maana kazi yao ni kumlinda Papa.

Kuna mambo matatu zaidi ya kuweka sawa.

Kwanza, aliyeng'atuka harudi kuwa kardinali na hapigi kura. Pili, hakuna "mapapa wawili": mwenye mamlaka ni mmoja tu, yule aliyechaguliwa. Tatu, kanuni ya 332 haisemi lolote kuhusu cheo, makazi wala mavazi ya aliyejiuzulu. Kanzu nyeupe na jina la Papa Mstaafu vilikuwa uamuzi wa mwaka 2013. Fransisko mwenyewe alisema mwaka 2022 kwamba akijiuzulu angependa aitwe Askofu Mstaafu wa Roma. Basi usiahidi wasikilizaji kwamba atakayefuata atafanya kama Benedikto.

Fransisko alieleza pia kwamba alikuwa ameandika barua ya kujiuzulu endapo maradhi yangemzuia kutenda kazi. Barua hiyo haikutumika, kwani alifariki akiwa madarakani. Kuijua kunasaidia kwa sababu itatajwa tena na tena kila Papa atakapougua.

## Hatua ya 3: Badilisha mambo ya parokia siku hiyo hiyo

Katika Sala ya Ekaristi, sehemu inayomtaja Papa inaachwa. Askofu wa jimbo anaendelea kutajwa. Hii ni kwa kifo na kwa kung'atuka vilevile: mwezi Machi 2013 Benedikto alikuwa hai, lakini hakutajwa kama Papa. Bandika karatasi ndogo kwenye kitabu cha Misa altareni, pale pale penye maneno hayo. Padri aliyesema sala ile kila siku kwa miaka mingi atapitiliza asipoona alama.

Askofu wenu hapotezi madaraka, wala paroko. Huko Vatikani wakuu wengi wa mabaraza ndio wanaosimama kazi, isipokuwa wachache kama Kamerlengo na Mhudumu Mkuu wa Toba, kardinali anayeshughulikia mambo ya toba na maondoleo. Kanuni ya 335 inakataza kubadilisha jambo lolote katika uongozi wa Kanisa zima wakati huo. Ukiona habari kwamba makardinali "wamepitisha sheria mpya" kabla ya uchaguzi, iweke kando.

## Hatua ya 4: Hesabu siku

Maziko hufanyika kati ya siku ya nne na ya sita baada ya kifo, isipokuwa pawepo sababu maalumu. Maombolezo ni siku tisa. Fransisko alizikwa tarehe 26 Aprili 2025 katika Kanisa Kuu la Maria Mkuu, wala si ndani ya Kanisa Kuu la Mtakatifu Petro. Vyombo kadhaa huandika mahali pa maziko kwa mazoea, kwa hiyo hakikisha kwanza.

Uchaguzi, yaani konklavu, husubiri siku 15 kamili tangu Kiti kuwa wazi, na usizidi siku 20. Usihesabu siku ya kifo. Kwa mwaka 2025 anza tarehe 22 Aprili: siku ya 15 inaangukia tarehe 6 Mei, na makardinali waliingia tarehe 7.

Panapokosewa: marekebisho ya Februari 2013 yanaruhusu makardinali kuanza mapema kama wapiga kura wote wamekwishafika. Ndivyo ilivyokuwa mwaka ule: Kiti kilikuwa wazi tarehe 28 Februari, konklavu ikaanza tarehe 12 Machi. Kwa hiyo toa hesabu yako kama makadirio, kisha subiri makardinali wenyewe watangaze tarehe.

## Hatua ya 5: Pata idadi ya wapiga kura na theluthi mbili

Mpiga kura ni kardinali ambaye hakuwa ametimiza miaka 80 kabla ya siku Kiti kilipokuwa wazi. Tarehe ya konklavu haihusiki. Mwaka 2013 jambo hili lilionekana wazi: Kardinali Lubomyr Husar alitimiza miaka 80 tarehe 26 Februari, siku mbili kabla, akabaki nje. Kardinali Walter Kasper alitimiza tarehe 5 Machi, akaingia na kupiga kura.

Kwa wasikilizaji wetu swali la kwanza huwa "wetu ni nani?" Mwaka 2025 Tanzania ilikuwa na Kardinali Protase Rugambwa wa Tabora, Kardinali Polycarp Pengo alikuwa amepita miaka 80. Kutoka Kongo aliingia Kardinali Fridolin Ambongo wa Kinshasa, na kutoka Rwanda Kardinali Antoine Kambanda wa Kigali. Kardinali John Njue wa Kenya alikuwa na haki ya kupiga kura, lakini Vatikani ilisema hataingia kwa sababu za kiafya.

Hesabu inatokana na waliomo ndani, wala si walio kwenye orodha. Wenye haki walikuwa 135, wawili hawakuingia, wakabaki 133.

Fanya hivi: zidisha idadi kwa 2, gawanya kwa 3, na ukipata sehemu, panda hadi namba nzima inayofuata.

- 133 × 2 = 266; ÷ 3 = 88.67. Zinahitajika kura 89.
- 115 (mwaka 2013) × 2 = 230; ÷ 3 = 76.67. Zilihitajika kura 77.

Onyo kubwa: katiba ya 1996 iliruhusu, baada ya raundi nyingi kushindikana, uchaguzi kwa zaidi ya nusu ya kura. Benedikto XVI aliifuta ruhusa hiyo mwaka 2007. Makala za zamani bado zinaitaja, na ndiko "nusu na moja" inakotoka. Leo ni theluthi mbili tangu raundi ya kwanza hadi ya mwisho. Hata ikifika mahali wakabaki wawili wanaoshindanishwa, theluthi mbili ni ile ile, na hao wawili hawapigi kura.

Katiba hiyo inataja pia kikomo cha wapiga kura 120. Mwaka 2025 walizidi, na makardinali wakatoa tamko kwamba wote walioteuliwa na Papa wana haki ya kuchagua. Mtu akiuliza, jibu ni hilo.

## Hatua ya 6: Tengeneza ratiba ya moshi kwa saa za kwenu

Hii ndiyo hatua inayowaangusha wengi. Roma hubadilisha saa zake mara mbili kwa mwaka, sisi hatubadilishi.

Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi ya mwisho ya Oktoba, Nairobi, Dar es Salaam na Kampala ziko saa moja mbele ya Roma. Miezi mingine ziko saa mbili mbele. Kigali, Bujumbura, Goma na Lubumbashi zinalingana na Roma katika kipindi cha kwanza, kisha zinakuwa saa moja mbele. Kinshasa iko saa moja nyuma, kisha inalingana. Muscat, Oman, iko saa mbili mbele, kisha tatu.

Siku ya kwanza huwa na kura moja tu, jioni. Siku zinazofuata ni kura nne: mbili asubuhi, mbili alasiri. Karatasi za kura mbili huchomwa pamoja, kwa hiyo moshi wa kawaida ni mara mbili kwa siku. Kura ya kwanza ya asubuhi au ya alasiri ikifanikiwa, moshi hutoka mapema, nao ni mweupe.

Kwa mwezi kama Mei, ratiba iliyotolewa mwaka 2025 inasomeka hivi kwa Afrika Mashariki:

- saa 5:30 asubuhi (10:30 Roma): moshi ikiwa tu Papa amepatikana
- saa 7:00 mchana (12:00 Roma): moshi wa rangi yoyote
- saa 12:30 jioni (17:30 Roma): moshi ikiwa tu Papa amepatikana
- saa 2:00 usiku (19:00 Roma): moshi wa rangi yoyote

Ratiba hii inakupa pia namba ya kura. Tarehe 8 Mei 2025 moshi mweupe ulitoka saa 18:07 ya Roma, saa 1:07 usiku kwetu. Ni ile nafasi ya kura ya kwanza ya alasiri: moja ya jana, mbili za asubuhi, na hii ya nne. Tarehe 13 Machi 2013 ulitoka saa 19:06 ya Roma. Hiyo ni nafasi ya mwisho ya siku, basi ilikuwa kura ya tano. Kwetu ilikuwa saa 3:06 usiku, kwa sababu Machi 13 tofauti ni saa mbili.

Kuchelewa si dalili ya mgogoro. Jioni ya tarehe 7 Mei 2025 moshi mweusi ulitarajiwa karibu saa 19:00 ya Roma, ukatoka saa 21:00. Sababu zilikuwa za kawaida: makardinali 133 waliapa mmoja mmoja, mkono juu ya Injili, kisha wakasikiliza tafakari ndefu kabla ya kura. Wajulishe wasikilizaji mapema kwamba siku ya kwanza haishiki saa.

## Hatua ya 7: Eleza kura inavyopigwa, ili watu wavumilie

Ukijua kinachofanyika ndani, muda wake utaueleza bila kubahatisha.

Karatasi ni ya mstatili. Nusu ya juu imechapwa *Eligo in Summum Pontificem*, yaani "Namchagua kuwa Papa". Nusu ya chini ni wazi, na hapo kardinali anaandika jina moja kwa mwandiko usiotambulika, kisha anaikunja. Anakwenda altareni ameinua karatasi ionekane, anaapa mbele ya Kristo atakayemhukumu, anaiweka juu ya sahani na kuitumbukiza chomboni. Zidisha hayo kwa watu 133.

Kuna wahesabu kura watatu, wakaguzi watatu, na watatu wa kwenda kuchukua kura za waliolala wagonjwa humo humo ndani. Wote hupatikana kwa kura ya bahati. Karatasi huhesabiwa kwanza: zisipolingana na idadi ya wapiga kura, zote zinachomwa bila kusomwa na kura inarudiwa. Zikilingana, mhesabu wa tatu anasoma kila jina kwa sauti, anatoboa karatasi kwa sindano kwenye neno *Eligo*, na kuipitisha uzini. Mwishoni uzi unafungwa fundo na karatasi zote zinatiwa kwenye jiko la kuchomea.

Siku tatu zikipita bila mafanikio, wanapumzika kwa sala kwa muda usiozidi siku moja. Mapumziko hayo yamo kwenye katiba. Usiyatangaze kama kuvunjika kwa konklavu.

Usisome hewani idadi ya kura alizopata fulani wakati konklavu inaendelea. Simu hazifanyi kazi mle, na mhudumu anayetoa siri anajitenga na Kanisa papo hapo.

## Hatua ya 8: Soma moshi

Majiko ni mawili: moja la kuchomea karatasi, jingine la kutoa moshi wa rangi. Mweusi hutokana na pakloreti ya potasiamu, anthrasini na salfa. Mweupe hutokana na klorati ya potasiamu, laktosi na utomvu mkavu wa msonobari. Dakika ya kwanza moshi wowote unaweza kuonekana wa kijivu, hasa jua likiwa nyuma ya bomba au taa za usiku zikiwa zimewashwa.

Fuata mpangilio huu: andika saa moshi ulipoanza, sema hewani "moshi umeonekana, tunasubiri rangi", tazama dakika kadhaa, kisha subiri kengele kubwa za Mtakatifu Petro. Tangu 2005 kengele hupigwa pamoja na moshi mweupe kwa sababu ya mkanganyiko huo huo wa rangi. Lakini kengele za kutaja saa nazo hulia. Ukisikia kengele saa kamili, ngoja ziendelee.

Umefanikiwa unapokuwa na moshi mweupe *na* kengele zisizokoma. Hapo sema "Papa amechaguliwa", bila jina.

## Hatua ya 9: Tangazo la jina

Kati ya moshi na jina huwa na muda mrefu. Mwaka 2025 ulizidi saa moja. Aliyechaguliwa anaulizwa kama anakubali na ataitwa nani, anavaa, na makardinali wanamwahidi utii. Wakati huu ndipo majina ya uongo husambaa. Funga kundi la WhatsApp liandikwe na viongozi tu.

Kardinali shemasi wa kwanza anatokea kwenye roshani. Mwaka 2025 alikuwa Dominique Mamberti. Anasema kwa Kilatini "Habemus Papam", halafu jina la ubatizo, anatua kidogo, halafu ukoo, na mwisho jina la kipapa. Jina la ubatizo linabadilika mwisho wake: Robert Francis likawa *Robertum Franciscum*. Tazama orodha yako, weka alama kwa wote wenye jina hilo, na usitangaze mpaka usikie ukoo: Prevost. Jina la tatu, Leo wa XIV, ndilo la kuandika kwenye vichwa vya habari.

Papo hapo bandua ile karatasi altareni na uandike jina jipya kwa herufi kubwa, na namba yake kwa maneno ili msomaji asikwame. Misa inayofuata, Papa anatajwa tena.

Kwenye tarehe, andika kwamba upapa wake ulianza siku alipokubali: tarehe 8 Mei 2025 kwa Leo XIV, maana alikuwa tayari askofu. Misa ya tarehe 18 Mei ilikuwa ya kuanza rasmi huduma yake, alipopokea palio, ukanda wa sufu unaovaliwa mabegani, na pete ya mvuvi. Papa haapishwi, na hakungoji siku hiyo ili awe Papa.